Mpishi na Kofia Nyeupe

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mpishi hakukubali hata mara moja kuitwa mhamiaji. Mhamiaji, alisema, ni mimi, niliyetoka Nyahururu nikaja kuhangaika Rockville. Yeye alikuwa mtu aliyewahi kuishi ng'ambo kwa raha zake, katika kisiwa cha Kupro, kando ya Bahari ya Mediterania, miaka kumi na miwili, akifungua dirisha asubuhi na kuona maji kabla hajaona uso wa mtu. Hapa Marekani alikuwa anapita tu. Alikuwa amepita kwa miaka ishirini na kitu, katika fleti ya chumba kimoja kule West End ya Alexandria, akivaa fulana ya maegesho ya hoteli na kupokea funguo za magari ya watu wengine.

Tulimwita Mpishi kwa sababu ndiye aliyetupikia. Harusi, ubatizo, matanga, sherehe ya mtoto kumaliza shule: popote Wakenya na Watanzania wa huku walipokusanyika, pamoja na yule Mkongo mmoja asiyekosa shughuli, sufuria zake zilikuwa zimefika kabla ya mchungaji. Mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama, na kumtafuta Mpishi ilikuwa kazi yangu. Mwanzoni nilimpigia simu kama katibu. Baada ya mwaka wa pili nikawa nampigia hata kama hakuna shughuli, kwa sababu hakuna mtu aliyenichekesha kama yeye, wala aliyeniudhi kama yeye, na Jumapili za huku ni ndefu.

Kule Kupro, alisema, alikuwa mshauri wa mapishi. Aliishauri familia moja ya injinia Mwingereza, majirani zake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba aliwashauri mara tatu kwa siku, na kwamba ujirani wenyewe ulikuwa wa chumba kilichokuwa nyuma ya gereji yao. Lakini hayo niliyapata kwa kuokoteza. Yeye alipenda kusimulia habari za kahawa nzito kwenye vikombe vidogo, jibini linalokaangwa lisiyeyuke, pweza walioanikwa kwenye kamba kama soksi, na Waingereza wastaafu waliokuwa wamegeuka wekundu kufikia saa nne asubuhi. Kwa Waingereza hao alikuwa na huruma ya kweli. "Maskini," alisema, "hawakuwa na ndugu wa kuwaambia kwamba jua si la kulalia."

"Sisi watu wa Mediterania," ndivyo alivyoanza maneno yake, na hapo ulijua kuna jambo anataka kulikwepa. Sisi watu wa Mediterania hatukimbizani na saa: hiyo ilikuwa siku aliyochelewa. Sisi watu wa Mediterania hulala baada ya chakula: hiyo ilikuwa barua ya onyo kutoka kwa meneja wa maegesho, aliyemkuta saa nane mchana kwenye kibanda chake amefumba macho, funguo za gari la mgeni zikiwa kifuani. Mpishi aliijibu barua ile kwa maandishi, ukurasa mzima, akimweleza meneja habari za hali ya hewa na mzunguko wa damu. Meneja hakumwandikia tena. Nadhani alichoka kusoma.

Kwenye harusi moja pale Rockville alitia zeituni kwenye pilau. Nzima nzima, na mbegu zake. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa amesafiri kutoka Kericho na alikuwa na njaa ya safari, aliiuma moja kwa nguvu zote akidhani ni zabibu kubwa. Mimi hufanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilimwandikia shangazi miadi kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikampigia Mpishi simu.

"Umemvunja mama wa watu jino!"

"Kule kwetu," alinijibu, "mtu huangalia anachokula."

Kule kwetu haikuwa Tabora, alikotoka. Tabora aliitaja mara chache, na akiitaja alishusha sauti, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Kule kwetu ilikuwa Kupro. Alitoka huko siku injinia wake alipohamishiwa Washington, akamchukua Mpishi pamoja na vyombo vya jikoni. Injinia alipoondoka, Mpishi alibaki. Vyombo vilibaki pia, na ndivyo hivyo hivyo tulivyolia pilau.

Kiswahili changu hakikumpendeza. Nikisema, "Nipee hiyo sahani," alinitazama tu, mikono kifuani, mpaka niseme, "Naomba sahani." Nilimwambia kwetu kuomba ni kwa Mungu. Akaniambia ndiyo maana Wakenya tuna madeni ya adabu. Tuliweza kugombana hivyo saa nzima, tukimenya vitunguu, na machozi yakitutoka wote wawili, na mtu akiingia jikoni alidhani kuna msiba.

Kuna mambo lakini yaliyokuwa hayalingani naye, na mimi nina jicho la kuona visivyolingana, kazi ya ukatibu imenifunza. Huyu mtu wa bahari hakula samaki. Alimkaanga vizuri kuliko mtu yeyote, akageuza uso wakati wa kumgeuza. Nikimchukua kwa gari kwenda Maryland, tukifika juu ya mto Potomac alianza kuchunguza magoti yake mpaka tumalize daraja. Na katika simulizi zake zote za Mediterania, yeye mwenyewe hakuwahi kuwa ndani ya maji. Alikuwa kando, alikuwa juu, alikuwa dirishani. Isipokuwa kwenye ile picha.

Picha ilitundikwa juu ya jiko lake, imeshikwa na msumari, na mvuke wa miaka ulikuwa umeipinda pembe. Ilimwonyesha Mpishi kijana kwenye sitaha ya boti, nyuma yake bahari ya buluu na mawe meupe, wazungu wanne wamelegea kwenye viti, naye katikati amevaa kofia nyeupe ya jua yenye ukingo mpana, akicheka mpaka jino la mwisho. Nimewaona watu wazima wakisimama mbele ya picha ile dakika nzima. Wengi wetu tulikuja huku na picha za pasipoti tu, na ndani yake hakuna anayecheka.

Alikuwa na nakala nyingine kwenye pochi. Aliitoa hata kwenye matanga.

Lakini kuna nyumba moja iliyokosa picha ile, na ni nyumba ambayo ilipaswa kuwa nayo. Mpishi alikuwa na binti mmoja. Alipokuwa Kupro, mtoto alilelewa Tabora na bibi yake, maana mama alikufa mapema. Mpishi alipopata uraia wa Marekani alimleta, akiwa msichana mkubwa tayari, akasoma, akapata kazi ya serikali, akaolewa, akanunua nyumba Bowie yenye ngazi, na kwenye kila hatua ya ngazi hizo kuna picha ukutani: watoto, harusi, bibi wa Tabora, hata mbwa aliyekufa. Baba yake yumo kwenye moja, amesimama pembeni kwenye ubatizo. Ile ya kofia haimo.

Binti huyo alikuwa mwanachama wetu na rafiki yangu. Kwa baba yake hakuwahi kuwa na neno baya. Alimwamkia vizuri, shikamoo, akamwalika Krismasi, akamwekea kiti. Alimheshimu kama mtu anavyoheshimu alama za barabarani. Alimwita Mzee. Baba, neno hilo, sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na nilisikiliza sana.

Sababu aliniambia siku moja tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Beltway, barabara inayozunguka Washington, yeye kwenye usukani, macho mbele. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake alikuwa anapiga simu kila Jumapili saa kumi alasiri, kwenye simu ya ofisi ya parokia, kwa sababu nyumbani kwa bibi haikuwepo. Mtoto alikuwa anafika saa tisa na nusu, amevaa gauni lilelile la misa, anakaa kwenye benchi. Jumapili moja simu haikulia. Alikaa mpaka padre alipofunga ofisi. Jumapili iliyofuata baba alipiga akasema samahani, alikuwa na kazi. Baada ya wiki kadhaa ikaja bahasha, ndani yake picha: baba kwenye boti, na kofia, anacheka. Na chini, upande wa kulia, kwa tarakimu za rangi ya machungwa, kamera ilikuwa imeandika tarehe. Ilikuwa ni Jumapili ileile.

"Mimi sina shida naye, dada," alisema, akibadilisha leni. "Alikuwa ana-enjoy maisha yake, basi. Kuna watu wanajua ku-enjoy."

"Ulimuuliza?"

"Ili aniambie nini? Sisi watu wa Mediterania?"

Alimwiga vizuri sana. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikatazama magari.

Sasa nije kwenye boti, na hapa lawama ni zangu, nazikubali.

Chama chetu kilitimiza miaka kumi. Wengine walitaka chakula cha hoteli. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyekulia mahali penye baridi na mbuzi, nilipendekeza boti. Tungekodi boti na nahodha wake pale Annapolis, tutembee kwenye ghuba ya Chesapeake kutwa nzima, wote na vitenge vinavyofanana. Wanachama ishirini na wawili, na mmoja tu kati yetu, Mama Mwenyekiti, ndiye aliyejua kuogelea, naye alijifunzia kwenye bwawa la kukingia maji ya ng'ombe. Nilipowaambia kwamba tutakuwa na Mpishi, mtu wa Mediterania mwenyewe, mjadala ulikwisha. Wajukuu wake wawili wa Bowie wakaruka kwa furaha. Babu atatuonyesha! Binti yake akasema atakuja, sawa, kwa ajili ya watoto.

Siku moja kabla ya safari, Ijumaa, tulikuwa jikoni kanisani tukimenya viazi, mimi na yeye peke yetu. Alikuwa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo lingetosha kunishtua. Hatimaye akasema, "Katibu, nyinyi nendeni. Mimi nitawangoja gatini na chai."

"Wacha mchezo, Mpishi. Wewe si ndiye wa boti?"

Akamenya kiazi kizima. Akakimenya tena. Kisha akanisimulia, akiongea na viazi, siku ya picha.

Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko. Jumamosi injinia akamwambia kesho kuna wageni, tunakwenda kutembea na boti, na wewe uje, utafurahi. Tungerudi saa nane mchana, alisema injinia. Mpishi akahesabu: saa nane gatini, saa tisa mjini, saa kumi simu. Wakamteremsha chini, kwenye jiko la hatua mbili, akaange samaki wa watu tisa. Nje ya ghuba bahari ikachafuka na mambo yakaenda mrama. Alikaanga samaki na kutapika kwa zamu, akitapikia sufuria ya viazi na kuiosha, akiitapikia tena na kuiosha. Upepo ukawazuia, wakajificha nyuma ya mawe mpaka karibu na jua kuzama. Hapo boti ilipotulia ndipo mke wa injinia alipomkumbuka. Akamwita juu, akamvisha kofia ya mumewe, akamwambia cheka, akampiga picha. Dakika kumi. Kisha akarudi chini kuosha vyombo.

"Na kweli nilicheka," alisema. "Boti ilikuwa imesimama."

Nilitaka kumwambia habari ya tarehe, nikajizuia. "Sasa kwa nini ulimtumia mtoto picha hiyo?"

"Nilikuwa na picha gani nyingine? Rangi tupu, kofia, anga. Nilitaka bibi yake aone niko hai, na mtoto aone baba yake si mtu wa kuhurumiwa." Akafuta kisu. "Simu ile iliniuma, sikufichi. Lakini hakusubiri sana. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia, 'Sikusubiri sana, Baba.' Mtoto mwerevu yule."

Nilijua alikaa mpaka ofisi ilipofungwa. Nilikuwa nimeshika nusu mbili za habari moja, moja kila mkono, na kiazi.

"Mwambie," nilisema. "Mpishi, tafadhali. Mwambie binti yako hivi ulivyoniambia mimi."

"Nimwambie nini? Kwamba miaka kumi na miwili niliyomwacha nilikuwa nyuma ya gereji? Afadhali ajue niliponda raha. Mtu aliyeponda raha unaweza kumkasirikia, ukamaliza. Akianza kunihurumia, nitakwenda wapi?" Akanilisha yamini pale pale, mkono wangu wenye maganda juu ya meza ya kanisa, kwamba sitasema. Nikala yamini. Mimi hutunza siri.

Nahodha, mzungu mwenye ndevu na maneno machache, alikuwa ameniambia kwamba asubuhi ghuba hutulia na baada ya saa sita upepo huamka, kwa hiyo tuondoke saa tatu kamili. Kwa kuwajua wenzangu, niliwaandikia saa moja. Kwa kunijua mimi, walifika saa nne na nusu. Kisha tukapiga picha za vitenge. Kisha tukala, maana watu wa bara hawaanzi safari na njaa: mukimo wa viazi na majani ya maboga, nyama, chapati, chai ya maziwa, kila mtu kama anayeaga dunia. Mpishi alipita katikati yetu na kikapu.

"Mkate mkavu," alisema. "Mkate mkavu na kipande cha ndimu. Maziwa hapana. Nyama hapana."

Tulimcheka. Miaka yote alitutilia chumvi habari za bahari tukamwamini, na siku moja aliyosema kweli tukamrudishia kikapu kikiwa kimejaa. Baada ya hapo Mama Mwenyekiti aliomba. Aliiombea boti, injini, ndevu za nahodha, na nchi tatu pamoja na viongozi wake. Tuling'oa nanga saa sita na robo, na upepo, kama ulivyoahidiwa, ukaamka.

Sitaeleza sana. Vitenge vilikuwa vya manjano, na tulikuwa ishirini na wawili, na mukimo ni kijani. Nahodha alituambia tutazame upeo wa macho. Upeo ulikuwa unapanda na kushuka. Mmoja alianza wimbo wa dini, akafika ubeti wa pili, akainama ubavuni mwa boti. Mama Mwenyekiti, mwogeleaji wetu, alikuwa amelala kifudifudi kwenye sitaha, anataja majina ya wanawe mmoja mmoja.

Mpishi sikumwona. Alikuwa ameteremka chini tangu tulipoondoka, nikadhani anapasha pilau. Binti yake alikuwa amemshika mtoto wa mwisho, aliyelegea kama kitambaa, akasema anakwenda kutafuta maji. Nikamfuata, kwa sababu chini kulikuwa na choo na nilikuwa na shida zangu.

Mtoto mkubwa alikuwa ameshafika huko, ameshikilia ngazi, anachungulia jikoni.

"Babu, you're green," alisema.

Na kweli alikuwa amegeuka kijani. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kabati, nyayo zimekaza mlango wa kabati la upande wa pili, ndoo katikati ya magoti. Na mapajani, juu ya ubao, alikuwa anakata ndimu. Boti ilipoinuka kisu kilisimama. Boti iliposhuka kisu kilikata. Niliangalia jiko lenyewe. Chini ya kila sufuria na kila rundo la sahani alikuwa ametandika kitambaa kilichoroweshwa maji na kukamuliwa. Sufuria kubwa ya pilau alikuwa ameifunga masikio yake kwa kamba za aproni kwenye mguu wa meza. Visu vilikuwa ndani ya sinki, vimeviringishwa kwenye taulo, ncha zote upande mmoja. Birika lilikuwa na maji robo. Juu sitahani kila kitu kilikuwa kinabingirika, chupa, viatu, Mama Mwenyekiti. Mle ndani hata kijiko hakikuhama.

Binti alisimama mlangoni akitazama kitambaa kimoja baada ya kingine. Nilikumbuka yamini yangu, nikauma mdomo.

"Vitambaa umevilowesha kwa nini, Mzee?" aliuliza.

"Sahani zisitembee."

"Nani alikufundisha?"

"Mtu hujifunza tu."

"Mtu aliyekaa juu na wageni, anajifunza hivi?"

Akakata ndimu. Boti ikainuka, ikashuka.

"Siku ya ile picha," binti alisema, "jikoni alikuwa nani?"

Mpishi alifunika kisu kwa taulo, taratibu, kama anavyofanya mtu anayejua kwamba wimbi linalofuata ni kubwa. "Dakika kumi," alisema. "Juu nilikaa dakika kumi. Boti ilikuwa imeshasimama." Kisha wimbi likaja, naye akainamia ndoo.

Binti alinikabidhi mtoto. Akavua viatu, akakaa kwenye sakafu ile yenye maji, na kitenge chake kipya cha chama, akaikaza miguu yake kwenye kabati lile kando ya miguu ya baba yake, akamshika paji la uso kama wanavyoshikwa watoto.

"Baba," alisema. "Baba, pole."

Mpishi akafuta mdomo. Alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni, na hata pale alijaribu. "Lakini hukusubiri sana," alisema. "Uliniambia mwenyewe."

"Nilikaa mpaka padre alipofunga ofisi."

Sikuona uso wake alipolisikia hilo, kwa sababu niliona haya nikawageukia wajukuu. Nilisikia tu ndoo ikiburutwa, na baadaye kisu kikianza tena, na sauti ya binti ikiuliza vipande viwe vinene kiasi gani. Baada ya muda walituletea juu mkate mkavu na ndimu kwenye sinia, baba na mwana, mmoja kijani na mmoja amelowa, na tukala bila kucheka mtu. Pilau tuliila gatini, jioni, ikiwa imara kwenye sufuria yake. Ilikuwa na zeituni. Tulizitoa mbegu.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa utulivu ilikuwa Jumapili moja ya masika, kule Alexandria. Nilikuwa namrudishia sufuria. Aliniamuru nikae, akanipa kahawa nzito kwenye kikombe kidogo, akaulaumu Kiswahili changu. Ilipokaribia saa kumi alipangusa meza, akaiegemeza simu yake kwenye chupa ya mafuta ya zeituni, akakaa mbele yake amenyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Binti yake alikuwa anampigia kila Jumapili saa hiyo. Kutoka Bowie angeweza kuja kwa gari, na siku nyingine alikuja, lakini Jumapili saa kumi ilikuwa ya simu. Kila wiki alimwuliza swali moja la Kupro, na Mpishi alimjibu, kweli tupu, bila chumvi. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya chumba cha nyuma ya gereji. Picha ilikuwa bado juu ya jiko, lakini sasa kulikuwa na nakala yake pale Bowie, kwenye hatua ya kwanza ya ngazi.

Saa kumi ikafika. Simu haikulia.

Saa kumi na dakika tano. Akapangusa meza tena. Nikamwambia labda nimpigie mimi. Akakataa, akasema kupiga ni kazi ya binti. Kufikia saa kumi na dakika ishirini na tano alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, anaitazama simu, na nikamwona kama ambavyo lazima alionekana mtu mwingine kwenye benchi la parokia, na gauni la misa.

Ikalia. Uso wa binti ukaingia kwenye kioo, nyuma yake usukani.

"Samahani, Baba, kulikuwa na ajali Beltway, simu ikaisha chaji, umesubiri sana?"

Mpishi alinitupia jicho la kunikataza.

"Sikusubiri sana, mwanangu," alisema.

Binti akaweka mkono mdomoni, akautoa.

"Unadanganya, Baba."

"Na wewe ulidanganya," alisema Mpishi, akaisogeza simu kidogo kwenye chupa ili amwone vizuri.